Jina Lisilotajwa Nyumbani: Kumbukumbu ya Askari wa Mizinga kutoka Lemara

Makala haya yana chanzo kisicho cha kawaida kwa jarida la taaluma: yametokana na kosa. Mwaka 1988, nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamili kuhusu masimulizi ya kihistoria miongoni mwa Waarusha waishio kandokando ya mji wa Arusha, niliyagawa masimulizi ya wazee niliowahoji katika mafungu matatu: yaliyothibitika kwa nyaraka, yasiyoweza kuthibitika, na yale niliyoyaita, kwa ujasiri wa kijana aliyetoka kumeza vitabu vya nadharia, "chuku ya kishujaa". Katika fungu hili la tatu niliitia simulizi moja niliyokuwa nikiisikia nyumbani kwetu Lemara tangu utotoni. Msimulizi wake alikuwa shangazi yake baba yangu, ambaye sisi sote tulimwita Koko, yaani bibi. Simulizi yenyewe ilimhusu ndugu yake wa tumbo moja, mwana wa kiume wa mwisho wa nyumba ile, aliyekwenda katika Vita vya Pili vya Dunia asirudi.

Nilikosea. Kosa langu limekaa katika rafu ya maktaba kwa miaka mingi, na kwa kuwa tasnifu huazimwa na kunukuliwa na wanafunzi wanaokuja nyuma yetu, naona sina budi kulisahihisha mbele ya wanataaluma wenzangu. Msomaji atanivumilia iwapo usahihisho huu utachukua sura ya kumbukumbu za nyumbani zaidi ya sura ya uchambuzi, kwani mambo haya mawili yalinishinda kuyatenganisha.

Lemara ya leo ni kata ya Jiji la Arusha, yenye nyumba za bati zilizosongamana na barabara zenye pikipiki mchana kutwa. Lemara aliyoiacha babu yangu mdogo ilikuwa mashamba: migomba, mahindi, maharage, ng'ombe wachache, na Mto Themi ukipita na maji baridi ya Mlima Meru. Vita vilipotangazwa mwaka 1939 habari yake haikuwa ngeni sana kwa watu wa kwetu. Walikwisha kuwaona Wajerumani wakija, wakaona Waingereza wakiwafukuza, na sasa wakaona wamisionari wa Leipzig nao wakichukuliwa kwa kuwa ni Wajerumani. Vita vya Wazungu vilikuwa jambo lenye kujirudia, kama nzige. Tofauti ni kwamba safari hii walihitajika watu wengi zaidi, na watu hao wapelekwe mbali zaidi. Tanganyika peke yake ilitoa askari wapatao 87,000.

Wengi katika hao hawakwenda kwa hiari, au walikwenda kwa ile hiari ambayo jumbe huitangaza barazani akiwa na idadi mkononi. Koko alisisitiza kwamba ndugu yake hakukamatwa. Alikuwa kijana wa rika la Terito, hajaoa, na alikuwa na haja ya ng'ombe wa mahari. Akafanya hesabu yake mwenyewe: mshahara wa miaka miwili au mitatu ungemtosha. Alipanda gari la moshi pale stesheni ya Arusha mwaka 1942. Koko, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano au zaidi kidogo, alimsindikiza hadi pale, na kila aliposimulia safari ile hakusahau kutaja kwamba alikuwa amevaa viatu vya kuazima.

Ilikuja barua moja tu. Iliandikwa kwa Kiswahili na mkono wa mtu mwingine, maana yeye hakujua kuandika, na ilisomwa kwa sauti mbele ya watu na karani wa baraza, maana nyumbani hapakuwa na ajuaye kusoma. Hivyo maneno yake yalipita katika vinywa viwili vya watu baki kabla ya kumfikia mama yake, na katika lugha ambayo mama yake hakuielewa. Karatasi yenyewe ilipotea. Kilichobaki ni kile kilichobaki katika barua nyingi za askari wa zama zile: wa baada ya salamu, mimi mzima, hofu na mashaka ni juu yenu. Nilipokuwa mwanafunzi niliandika kurasa sita kuhusu ukavu wa fomyula hizi. Sikuwahi kufikiri kwamba katika hali ile ukavu ulikuwa ndio uaminifu wa mwandishi wa kukodiwa, asiyetaka kumsemea mwenzake zaidi ya alichotumwa.

Mwaka 1944 jumbe aliita wazee akawaambia kwamba kijana wao amekufa baharini. Hakusema bahari ipi. Na hapa pana jambo la kilugha. Katika Kimaa cha kwetu neno lililokuwa karibu na bahari ni enaiposha, maji mapana yanayokwenda na kurudi, neno lile lile ambalo masikio ya Wazungu yaliligeuza kuwa Naivasha. Ni neno la ziwa. Mama yake aliishi hadi kufa kwake akiamini kwamba mwanawe amezama katika ziwa fulani, na kwamba ziwa lina ukingo, na mtu mwenye nguvu kama yule huweza kuufikia ukingo upande wa pili akakaa huko kwa watu wengine. Shamba lake, ambalo kwa desturi yetu humwangukia kitinda mimba anayebaki na mama, halikuguswa. Lililimwa, lilipaliliwa, mazao yake yaliliwa, lakini likaitwa lake.

Kisha mwaka 1946, baada ya mvua za vuli, akaja mtu.

Alikuwa keya aliyeachishwa jeshi, mtu wa upande wa Moshi, aliyefika Lemara kwa kuulizauliza njia. Alikuwa katika meli ile ile. Alikaa usiku mmoja. Hakujua Kimaa, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, tulichozoea kukiita Ki-KAR na kukicheka katika semina zetu. Usiku ule alisimulia, na asubuhi akaenda zake asionekane tena. Koko, ambaye Kiswahili chake hadi uzeeni kilikuwa cha sokoni, aliyashika maneno ya mgeni yule kama yalivyotamkwa. Aliposimulia alianza kwa Kimaa, akieleza viatu na stesheni. Alipofika kwenye meli aliacha Kimaa, akakaa wima, na kusema kwa sauti isiyo yake:

"Mimi nakaa juu. Nasikia mlio moja, halafu mlio mbili. Meli nakwisha. Hapana fika dakika tatu. Watu mingi iko chini, nasikia ngoma ya Wazungu, hapana toka. Sisi iko ndani ya maji. Bas, manowari yetu nakuja. Sisi nafurahi, napiga kelele. Yeye natupa moto katikati yetu. Ile meli ya kuzama iko chini ya miguu yetu."

Kisha alirudi katika Kimaa na kusema kwamba mgeni alilia, akapewa maziwa.

Niliirekodi simulizi hii mara nne kati ya mwaka 1986 na 1988. Katika Kimaa Koko alibadilisha mengi: mara viatu vilikuwa vya jirani, mara vya mwalimu wa misheni. Sehemu ya Ki-KAR haikubadilika hata silabi. Hili peke yake lilipasa kunishtua. Badala yake niliandika kwamba uthabiti ule ulidhihirisha "kuganda kwa fomyula". Kuhusu manowari iliyotupa moto juu ya watu iliyokuja kuwaokoa, niliandika kwamba ni motifu ya mwokozi anayegeuka mwangamizi, ambayo kwayo jamii iliyotawaliwa ilieleza uchungu wake dhidi ya mtawala. Na kuhusu adui aliyejificha chini ya miguu ya waathirika, nililinganisha na mazimwi wa majini wa ngano zetu. Ilikuwa aya nzuri. Naikumbuka kwa aibu hasa kwa sababu ilikuwa nzuri.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ndipo nilipokutana na kitabu cha Mwingereza Brian James Crabb, aliyeitafiti kwa makini meli iitwayo Khedive Ismail. Nilikisoma kwa sababu nyingine kabisa, na nilipofika katikati nikasimama. Yaliyo ya hakika ni haya. Khedive Ismail iliundwa mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, ikauzwa baadaye kwa kampuni ya meli ya Misri, na wakati wa vita ikatumiwa na Waingereza kuchukulia askari. Mapema mwezi Februari 1944 iliondoka Kilindini, Mombasa, pamoja na meli nyingine nne za askari, kuelekea Colombo. Ndani yake walikuwamo watu 1,511: mabaharia, maofisa, wauguzi na wanawake wa vikosi vya Uingereza, na kundi kubwa kuliko yote, watu 996 wa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki. Msafara ulilindwa na manowari kubwa Hawkins, na kwa hatua za mwisho manowari mbili nyepesi, Petard na Paladin, zikajiunga nao.

Siku ya Jumamosi, tarehe 12 Februari 1944, kiasi cha saa nane na nusu mchana, kusini-magharibi ya visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli ile kwa topido mbili. Baadhi ya abiria walikuwa wamekusanyika chini kusikiliza muziki. Meli ilizama kwa muda usiotimia dakika mbili. Waliobahatika kurushwa au kuruka majini walikuwa wakielea katika mafuta na vipande vya mbao pale Petard na Paladin zilipowajia kwa kasi. Nyambizi ilikuwa imejificha chini, mahali pale pale walipokuwa wakielea watu. Kulikuwa na meli nyingine za askari ambazo zingeweza kupigwa vilevile. Petard ilitupa mabomu ya majini. Wale waliokuwa karibu walikufa kwa mshindo wa mabomu ya wenzao. Mapigano yaliendelea zaidi ya saa mbili. Paladin ilijaribu kuigonga nyambizi iliyokwisha kuibuka, ikapasuka ubavu. Hatimaye Petard iliivunja kwa topido. Watu 1,297 walipotea katika Khedive Ismail. Waliookolewa walikuwa 214: wanaume 208 na wanawake sita.

Hebu msomaji arejee sasa kwenye maneno ya yule keya. Milio miwili. Dakika zisizofika tatu. Ngoma ya Wazungu. Manowari yetu. Moto katikati yetu. Meli ya kuzama chini ya miguu. Sentensi kumi fupi katika lugha tuliyoidharau, zilizohifadhiwa kwa zaidi ya miaka arobaini na mwanamke asiyepata kuiona bahari, na hakuna hata moja ambayo kitabu kile kiliikanusha. Mimi nilitafuta istiari mahali ambapo mtu alikuwa ametoa taarifa.

Ninajua utetezi ambao ningeweza kujitolea. Ningeweza kusema kwamba mwaka 1988 habari za meli ile hazikuwa zikifikika kwa urahisi. Kwamba wakati wa vita vifo vya majini vilifichwa ili adui asijue. Kwamba mtafiti hana budi kuanza na shaka. Yote ni kweli. Lakini shaka yangu haikuwa sawasawa. Katika tasnifu ile ile nilimkubali bila swali ofisa mmoja Mzungu aliyeandika kumbukumbu zake, kwa sababu zilikuwa zimepigwa chapa. Wenzetu wa fasihi simulizi wametufundisha tangu zamani kwamba fanani hubuni upya kila anapotamba. Sikatai. Ila naona tumeifanya kanuni ile kuwa pana mno, tukasahau kwamba wapo wasimulizi wanaojizuia kwa makusudi wasibuni, na kwamba msimulizi mmoja, katika kikao kimoja, huweza kubuni juu ya viatu na kujizuia juu ya kifo.

Jambo la kusikitisha kifasihi ni kwamba Waingereza walilipatia tukio la namna hii nafasi katika riwaya yao. Nicholas Monsarrat, katika The Cruel Sea ya mwaka 1951, ameonesha nahodha anayelazimika kutupa mabomu mahali walipo mabaharia wanaoelea kwa kuwa anaamini nyambizi iko chini yao, na msomaji anabaki na majonzi ya yule nahodha. Sisi tuna Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, kazi kubwa ambayo sijaona inayoikaribia kwa upana katika lugha yetu juu ya vita vile. Lakini Shaaban hakuwa askari, alikuwa mtumishi wa serikali aliyevifuata vita kwa habari zilizomfikia. Yule keya wa Moshi hakuandika utenzi. Alitembea hadi Lemara akasema mara moja, na maneno yake yakapata mlinzi.

Nilikwenda Lemara mwaka 1999 kumwambia Koko. Nilichukua ramani, nikamwonyesha Mombasa, Colombo, na visiwa vidogo vya Maldivi. Nilimsomea tarehe na idadi, nikamwambia kwamba Wazungu wameandika kitabu na kitabu kimesema kama alivyosema yeye. Nilitegemea machozi au furaha. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua maharage katika ungo.

"Kwani wewe mwanangu," akaniuliza, "siku zote zile ulidhani nakutungia?"

Sikuwa na jibu. Hakuwa ameisoma tasnifu yangu, wala hakuna aliyemsomea. Alitambua kwa sura yangu tu.

Hapa ndipo lilipoingia suala la jina, na naomba radhi kwamba sijalitaja hadi sasa, wala sitalitaja. Watafiti wa Kimaa wanajua mwiko huu. A. C. Hollis, katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu lugha na masimulizi ya Wamasai, alieleza kwamba jina la aliyekufa halitajwi nyumbani kwao, na kwamba hata neno la kawaida linalofanana na jina hilo hubadilishwa na watu wa boma lile, likatumika neno jingine. Nililisoma jambo hili katika maktaba nikiwa na miaka ishirini na tano, nikalipigia mstari kama kielelezo kizuri cha athari ya mwiko katika msamiati. Ilinichukua muda kutambua kwamba nilikuwa nimekulia ndani ya kielelezo hicho. Nyumbani kwetu kuna aina moja ya kibuyu cha maziwa ambacho majirani wote wanakiita kwa jina moja, na sisi tu tunakiita kwa jingine. Nikiwa mtoto nilichekwa kwa ajili ya neno lile. Mama yangu, aliyeolewa kutoka kwa watu wengine, aliniambia tu kwamba hapa ndivyo kinavyoitwa. Babu yangu mdogo alikuwa ametolewa kinywani kwetu kwa ukamilifu kiasi kwamba hata kibuyu kilibadilishiwa jina kwa ajili yake.

Mtu wa nje anaweza kudhani kwamba huku ni kusahau. Kwa hakika ni kinyume chake: kila aliyenyoosha mkono kuchukua kibuyu kile alipita karibu na jina lile. Lakini ni kumbukumbu inayodai kukaa pamoja. Mwaka 1927 serikali ya kikoloni ilisimamisha sanamu ya Askari pale Dar es Salaam kwa ajili ya vita vya kwanza, ikachora maneno kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, yenye ahadi kwamba mtu akifa akipigania nchi yake, watoto wake watalikumbuka jina lake. Kila nilipopita pale nikielekea posta niliwaza mambo mawili. Kwanza, kwamba sanamu inayoahidi kukumbukwa kwa majina haina jina hata moja. Pili, kwamba yule wa kwetu hakuwa na watoto.

Na tena, si kwamba watu wa Arusha hawajui kaburi lenye jina ni kitu gani. Mwaka ule ule alipoondoka yeye, 1942, walianza kuletwa Tengeru wakimbizi wa Kipolandi, watu wapatao 5,000 kwa hesabu za baadaye, wengi wao wanawake na watoto waliotolewa Urusi kupitia Uajemi. Koko aliwauzia ndizi. Aliwahi kuniambia kwamba alistaajabu Serikali ina akili gani, inawatoa wa kwao baharini na kuwaleta wa mbali mlimani. Waliofia Tengeru walizikwa pale, na makaburi yao yanatunzwa hadi leo, yana misalaba, majina na tarehe. Nimeyazuru. Sina kinyongo nao hata kidogo. Nilisimama pale nikiwaonea huruma watu waliofia mbali na kwao. Nilichokiona ni kwamba huruma hiyo inakuwa nyepesi sana pale jiwe linapokuambia ni nani wa kumhurumia.

Mwaka 2000 nilikwenda Nairobi, kwenye makaburi ya vita yaliyo kando ya barabara ya Ngong, ambako kuna ukumbusho wa askari wa Afrika Mashariki wasio na kaburi. Wale wa Rejimenti ya 301 wameandikwa pale. Majina ya Kiafrika yameandikwa kama karani wa kuandikisha askari alivyoyasikia: l imekuwa r, irabu zimemezwa, jina la baba limefanywa ubini, na ole ya Kimaa imeungana na neno linalofuata au imepotea kabisa. Nilipita safu baada ya safu kwa kidole. Kwa mtu aliyefundishwa fonolojia kazi hii haikuwa ngumu. Ilikuwa ni kurudisha sauti zilizopotea mahali pake. Nililipata. Lilikosewa mara mbili, lakini lilikuwa lake. Nililinakili katika daftari, na nikagundua kwamba sijawahi kuliandika, na kwamba midomo yangu ilikuwa imefumba.

Sikwenda Nairobi kwa sababu ya ibada, nikiri hivyo. Nilikwenda kwa sababu ya shamba. Mji ulikuwa umelifikia. Pande tatu zilikwisha kujengwa, na upande wa nne, kuelekea mtoni, mtu asiye wa ukoo alikuwa amekwisha kusimamisha nguzo za ua kwa hoja kwamba eneo lile halina mwenyewe. Binamu zangu walitaka ligawanywe kabla halijachukuliwa. Wazee wawili walisema mwenyewe hajarudi. Koko, ambaye alikuwa amelilima miaka hamsini na zaidi, hakusema neno. Ili ligawanywe ilihitajika mirathi, na mirathi inahitaji marehemu, na marehemu anahitaji jina, tarehe na mahali. Familia yetu ilikuwa imekaa tangu 1944 pasipo kuyasema haya matatu kwa pamoja.

Tulikwenda mahakama ya mwanzo mwaka 2001, wazee wanne, binamu watatu, Koko na mimi. Karani alikuwa kijana mpole mwenye mwandiko mzuri. Fomu yake ilikuwa na nafasi za kijiji, kata na wilaya aliyofia marehemu. Nilimwambia Bahari ya Hindi. Aliitazama fomu, akanitazama mimi, akaandika "Baharini" katika nafasi ya kijiji, na nafasi mbili zilizobaki akazipigia mstari. Tarehe nilimtajia. Kisha akauliza jina, na kwa kuwa Koko ndiye aliyekuwa ndugu wa karibu kuliko wote, alimwuliza yeye.

"Bibi, marehemu aliitwa nani?"

Koko alitazama chini. Wazee walitazama dirishani. Karani, kwa heshima, alirudia swali kwa sauti ya juu zaidi, akidhani hasikii vizuri.

"Huyu mtoto anajua kuandika," Koko alisema hatimaye, akinionyesha kwa kidevu. "Mpe kalamu."

Niliandika kwenye kipande cha karatasi, kwa tahajia ya Kimaa na si ile ya jiwe la Nairobi, nikampa karani. Yeye hakuwa mtu wa kwetu wala hakuwa na sababu ya kujua lolote. Alilisoma kwa sauti, polepole, silabi kwa silabi, ili ahakikishe, kisha akalisoma tena lote kwa mkupuo na kuuliza kama amelitamka sawa. Koko alijifunika kichwa kwa shuka. Nilijibu kwamba amelitamka sawa.

Tulirudi Lemara kwa miguu, maana yeye hakupenda daladala, tukifuata mto. Hakuzungumza njiani isipokuwa kuwaitikia wanawake waliomwamkia. Shamba liligawanywa miezi michache baadaye, na sehemu ya mtoni aliachiwa yeye hadi alipofariki mwaka 2006. Lakini jioni ile ya mahakamani, watu wote walipokwisha kuondoka, nilikuwa nimekaa nje naye akiwa jikoni anawasha moto. Aliniita nimpelekee kibuyu cha maziwa kilichokuwa kimeangikwa ukutani, akakiita kwa jina lake, lile la majirani. Nilisita mlangoni, nikidhani sikusikia vema. Alilirudia.

Nikakitungua, nikampelekea.